Zuhura Kaolewa na Jini

Kibaoni kwa Kibwana muuza kahawa, hapa Gazi, asubuhi ile hakuna aliyemwamkia mwenzake vizuri. Tangu kabla ya Uhuru tulikuwa tukisomewa visa vya Zuhura, binti aliyepigana na Mfalme wa Majini. Vijitabu vilikuja kimoja kimoja kutoka Mombasa, na Waziri, tunayemwita Redio kwa kuwa hanyamazi, ndiye aliyetusomea. Jana kilifika cha saba, cha mwisho. Mwanzo tu wa kitabu, Zuhura kaolewa na yule yule Mfalme wa Majini! Kurasa zilizobaki zote ni pilau ya arusi. Mimi sikulala kwa hasira. Lakini aliyeumia zaidi ni Salimu Tairi, fundi wa baiskeli. Bintiye mchanga anafanyiwa akika kesho, apewe jina, na Salimu alikwisha kutangaza mpaka kijiji cha Munje kwamba ataitwa Zuhura.

SALIMU: Jina hilo nimeliacha. Simpi mwanangu jina la mtu aliyemlisha adui pilau kwa mkono wake.

REDIO: Usinitazame mimi. Nimesoma kilichoandikwa.

SALIMU: Si ungeruka!

REDIO: Niruke arusi nzima?

Mramba, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani Kwale, akaweka kikombe chini.

WAKILI: Mtunzi alikufa baada ya kitabu cha sita. Hiki kaandika shemejiye. Hata farasi wa Zuhura kamsahau.

REDIO: Farasi yupo. Kaja arusini.

SALIMU: Kaja kula au kaja kuliwa?

Redio akafungua kitabu, akatafuta.

REDIO: Hapa hapaelezi.

Farasi yule tulimpenda sana.

KIBWANA: Mtunzi alikuwa na njaa. Kaandika Ramadhani, baada ya alasiri.

WAKILI: Hapana. Sasa nimeng'amua. Kaandika jini mwenyewe. Mahakamani huuliza, nani kafaidika?

KIBWANA: Jini atapata wapi wino?

WAKILI: Kwani Mombasa hakuna wino?

Kibwana akammiminia Wakili kahawa nyingine.

SALIMU: Nitamwita Chiku.

REDIO: Chiku kafanya nini?

SALIMU: Hajafanya kitu. Ndiyo maana.

Hapo akatokea Bi Mwanaima, mkwewe Salimu, leso kajitanda, uso umekunjika. Tukasimama sote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Salimu baba, mwenzio analia tangu alfajiri. Ati jina umeliondoa. Kwa nini?

Salimu akamweleza yote: vita, arusi, pilau, mpaka farasi. Bi Mwanaima akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

— Haya. Huyo wa kitabuni kawakosea, nimesikia. Na huyu wetu aliyelala ndani, anayeitwa Zuhura na mamake tangu azaliwe, yeye kawakosea nini?

Wakili akatazama baharini. Kibwana akainamisha dele la kahawa, zikatoka chicha tupu.

— Mama, mwambie mwalimu wa akika jina ni Zuhura, Salimu akasema.

— Kamwambie mwenyewe. Na mamake umtake radhi.

Salimu akaondoka mbio, kikombe cha Kibwana bado mkononi. Redio alikuwa amerudi mwanzo wa kitabu, anamtafuta farasi.