Kanda ya Benta

Ndani ya treni ya kwenda Makadara, Koki alitega sikio bila haya. Mbele yake mama mmoja, Benta, alikuwa akimwuliza mpiga video za arusi anunue kamera gani.

“Ile ndogo ya mkononi, mama. Ongeza betri ya akiba, arusi huwa ndefu.”

“Si arusi. Mume wangu yuko kitandani. Nataka aseme mwenyewe kwamba akifa, ndugu yake Odera asinirithi.”

“Basi chukua na maikrofoni. Sauti ya mgonjwa haifiki mbali.”

Biashara haijui matanga, Koki aliwaza.

“Na huko kwenu,” mpiga video akauliza, “wazee wa ukoo wataitazamia kanda hiyo kwa nani?”

Treni ilikuwa ikisimama Benta alipojibu. “Mwenye televisheni na deki kijijini ni mmoja tu. Odera.”