Fagio Zisizokwisha

Basini nilikaa nyuma ya mama mmoja mtengeneza fagio. Kando yake alikaa bwana mwenye kalamu mbili mfukoni, mmoja wa wale wanaojitolea kuwashauri wenye biashara ndogo.

"Mama, fagio zako zinadumu mno," alisema bwana yule. "Mteja akinunua mmoja, hamuonani tena. Ongeza na brashi za chupa."

"Brashi sizijui, na kitinda mimba wangu anaanza sekondari mwezi ujao. Si bora nifungie uzi mbovu?"

"Utaharibu jina."

"Jina halipikiki, bwana mshauri."

Wakacheka, lakini hakuna aliyekubali. Basi likasimama, nikateremka. Ufagio wangu aliniuzia yeye. Huu mwaka wa nne, hata kijiti hakijachomoka.