Emerensiana Likwelile na Kaburi Asiloonyeshwa

Mama yetu, Emerensiana Likwelile, alizaliwa Mofu mwaka 1894, wakati wa kuvuna mpunga. Alikuwa mtoto pekee wa Mzee Likwelile, aliyevusha watu mtoni kwa mtumbwi, na asiyewahi kumzamisha hata mbuzi.

Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipofika kwetu, askari wa Mjerumani walimchukua Mzee Likwelile akawavushe. Hakurudi. Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba amefia mikononi mwao. Kwetu matanga hayaondolewi mpaka wafiwa waonyeshwe kaburi. Basi bibi yetu akajifunga kitambaa cha kaniki cha matanga mkononi, akamshika binti yake wa miaka kumi na miwili, wakaenda kuuliza.

Jumbe alisema yeye ni wa waliomo kijijini. Aliyetoka ni wa akida. Akida akasema yeye ni wa mashauri; aliyechukuliwa na askari ni wa jeshi. Wakapanda hadi bomani, siku tatu kwa miguu, na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mkubwa wa askari alisema wa kwake ni wazima, wafu aulizwe daktari. Daktari naye akasema wa kwake ni wagonjwa. Karani wa bwana shauri, Mjerumani mkuu wa wilaya, alicheka: “Mama, maiti hana shauri. Rudi kwa jumbe wako.”

Wakarudi. Jumbe akasema, “Si nilikwambia? Si wangu mpaka arudi.”

Bibi akamjibu, “Kumchukua mlijua ni kazi ya nani. Kumrudisha ndiyo haina mwenyewe.”

Marehemu mama yetu alisoma misheni miaka miwili, kuanzia 1908, akabatizwa huko. Mwaka 1909 bibi alifariki. Kabla ya kukata roho alikifungua kile kitambaa, akamfunga marehemu.

Tarehe 6 Julai 1912 alifunga ndoa na Theodori, mkulima wa Kiberege. Ngoma haikupigwa, maana matanga yalikuwa bado. Baba alizoea kuwatania wageni kwamba yeye alioa mke pamoja na matanga yake. Marehemu alicheka, lakini kitambaa hakukivua. Alilima mpunga maisha yake yote. Kila serikali mpya ilipokuja alikwenda kuuliza, nayo ikamwambia mambo hayo ni ya serikali iliyopita.

Mwaka jana, miguu ilipoanza kuvimba, alimtuma mdogo wangu Fridolin aulize wilayani. Wakampeleka mkoani. Mkoani wakamwelekeza kwa watu wa mambo ya kale. Barua ilirudi: haituhusu. Marehemu aliomba asomewe mara mbili.

Alifariki nyumbani, Mlabani, Jumanne tarehe 10 Februari 1981. Jumapili iliyotangulia alinifunga mimi kitambaa. Nina miaka sitini na saba, na sijui nitamfunga nani.

Ameacha watoto wawili, Kandida na Fridolin, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu sita.

Mama, lala. Wewe angalau tunapajua ulipolala.