Siku Waliyoshuka Wote Kumsikiliza Khaemba

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Walter usinikunjie uso, bado sijafa. Awuor, niinulie mto kidogo, maana pumzi yangu siku hizi ni ya kuombaomba na neno nililo nalo ni refu.

Shamba la Katito ni la mama yenu mpaka siku yake, na asitokee mtu wa kumsumbua. Kampuni ya ujenzi nawaachia ninyi wawili, lori, mashine ya zege na vyote vilivyomo stoo. Mafundi nao nawaachia, si kama mali bali kama amana, kwa sababu nimesikia, Walter, kwamba tangu jana umemfungia geti Simiyu, mwakilishi wa wafanyakazi, eti anawachochea wenzake, na hukumpa hata nafasi ya kufungua mdomo.

Mwaka wa themanini na sita, Walter, wewe ulikuwa shuleni, sisi tunajenga ghorofa hapa Kisumu. Khaemba, fundi wa mawe, alimtukana nyapara, na baba yenu mdogo Oduor akataka afukuzwe papo hapo. Lakini tulikuwa na mkataba na chama chao: hafukuzwi mtu kabla ya kusikilizwa, mwakilishi wake akiwa kando yake. Mkataba ulitaka mwakilishi mmoja tu. Watu wetu nao mnawajua, kesi ya mwenzao haisikilizwi pembeni. Wajaluo kwa Waluhya waliweka chini miko na karai, wakashuka wote mpaka mbele ya stoo, Oduor akiguna kwamba sheria inatupotezea siku.

Khaemba alikuwa bado anajieleza, na alivyopenda maneno yule, upepo ukavuma kutoka ziwani. Jukwaa lote la miti walilokuwa wakijengea juu yake, upande mzima wa jengo, likainama polepole, likaanguka. Vumbi lilipotulia tukatazama ile miti, kisha tukatazamana, na kila mtu alikuwepo. Oduor alivua kofia. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa simiti. Nimewaona ninyi mkizaliwa, lakini sijawahi tena kushikwa na hofu ya namna ile, hofu iliyojaa shukrani. Khaemba alipewa onyo, akarudi kazini.

Basi msidhani naishika sheria ya kazi kwa kumwogopa afisa wa leba. Naishika kwa sababu nilikuwa pale. Msimfanye mtu kibarua wa kila asubuhi miaka nenda miaka rudi. Akiumia, hospitali kwanza, maswali baadaye. Na mkikosana naye... Awuor, maji kidogo. Asante, mama.

Nyasaye, Mungu wetu, awalinde, nyumba mtakazojenga zisimame, na waliozijenga warudi kwao jioni. Nimechoka sasa. Simiyu yuko nje, mama yenu alimwita. Walter, mfungulie mlango wewe mwenyewe, mpe hicho kiti, na asikatizwe mpaka amalize. Mimi... mimi nanyamaza. Nataka kumsikia.