Sala kwa Ajili ya Urbano wa Kitabuni

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Padri wetu, Sheikh wetu, Mwalimu Shafii na familia yako, walimu wa Gitega mliotupokea, na ninyi wazazi mliotoka Muyinga na Butihinda katika basi moja, Wakristo kwa Waislamu, mkigombania viti vya dirishani kama watoto: amani iwe kwenu, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo.

Naitwa Jovina, binti wa Simoni, mkulima wa Butihinda. Nimetumwa na wasikilizaji wa Jumamosi, kwa kuwa Mwalimu Shafii amestaafu, anaiacha Muyinga, na kuanzia leo ataishi hapa Gitega kwa binti yake Nadia, ambaye ametoa sebule yake iwe chumba hiki cha kusomea tunachokifungua. Nimeambiwa nimsifu Mwalimu, nami nitamsifu. Ninalo na jambo langu, nalo mtalijua kabla sijashuka hapa.

Itazameni rafu ile. Karibu vitabu vyote ni riwaya za India zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, majalada yameshonwa kwa uzi wa gunia. Mimi nikizitazama nywele zinasimama. Waandishi wake hawajawahi kusikia jina la Butihinda. Hawajui ugali wetu wa muhogo wala matope ya njia yetu mwezi wa nne. Basi nani aliwapasha habari zetu? Nani aliwaambia juu ya watu waliokwenda kulala wakiwa majirani, wakaamka maadui? Nani aliwaambia kwamba kuna msichana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kule akaitwa Mrundi, aliporudi kwao akaitwa Mtanzania, akabaki kujiuliza yeye ni nani hasa? Nilipoikuta habari hiyo katika kinywa cha msichana wa Kihindi, ambaye bibi yake alibaki ng'ambo ya mpaka uliochorwa juzi tu, sikulala. Nilikuwa nimezoea kudhani ni aibu yangu peke yangu.

Kwa wenyeji wa Gitega msiotujua, kila Jumamosi baada ya soko, kule mjini Muyinga, tulikusanyika darasani kwa Mwalimu. Alikuwa akisoma ukurasa kimyakimya kwa Kifaransa, anavua miwani, kisha anatusimulia kwa Kiswahili. Majina ya Kihindi yalitushinda kinywani, tukawabatiza upya. Msichana, binti wa mfuma vitambaa Mwislamu, tulimwita Pili kwa sababu alikuwa mtoto wa pili. Kijana aliyempenda, Mhindu, mwana wa muuza vyungu vya shaba, bibi mmoja wa kwetu alisema ana tabia za mpwa wake. Basi akawa Urbano.

Jumamosi moja mji wao ukachafuka. Waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuchomeana nyumba. Urbano akazingirwa barabarani na watu wenye fimbo na mienge, na hapohapo giza likaingia darasani. Mwalimu akafunga kitabu. Tulimsihi. Akasema macho yake yamechoka.

Baba yangu hakula siku ile. Tulilala mjini kwa shangazi, na asubuhi, kabla ya misa, akaingia sakristia, chumba cha nyuma ya altare, kumwona Padri. Sisi hatukujua. Tulisikia tu wakati wa maombi: "Tumwombee Urbano, aliyezingirwa na watu wenye mienge. Mungu amtoe salama."

Ndugu zangu, ninyi mnaijua nchi hii. Je, maneno kama hayo yanaweza kusomwa kanisani, halafu watu wabaki wamekaa? Nyuma kabisa mtu aliuliza, "Wapi? Amezingirwa wapi?" Mwingine akanyanyuka. Hatukufika kwenye baraka. Akina mama walibeba watoto, viatu vikabaki mlangoni, na nje ya kanisa wengine walikuwa wameshauliza njia ya mpaka wa Tanzania. Na baba yangu, mwenye sala yake, alipowaona watu wanakimbia, alidhani limezuka jambo jingine kabisa. Akatushika mikono mama na mimi, akatoka mbio kuliko wote.

Tulikimbilia mtaa wa Waswahili, kama tunavyowaita kwetu Waislamu wa mjini, na mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa Mama Riziki, fundi cherehani. Nyumba hiyohiyo baba alikuwa amenikataza kuikaribia, kwa sababu ya mtu mmoja anayeishi humo. Mama Riziki hakuuliza dini wala kabila, hata salamu hakudai. Alisema, "Ingieni bwana, ingieni! We mzee, kaa hapo nyuma ya cherehani. Chai iko." Mwanawe akasimama mlangoni, mikono mitupu, akiwa tayari kupokea chochote kitakachokuja.

Aliyekuja ni Mwalimu Shafii, anahema. "Ni nani amezingirwa?"

"Wamesema Urbano," akajibu baba.

"Urbano gani?"

Nilimwona baba akifikiri. Uso wake ulibadilika polepole. "Yule wa jana," akasema.

Mwalimu akasahau Kiswahili chake cha darasani, akapaza sauti: "Mais, lakini mzee! Urbano iko mu kitabu!"

Tulicheka hadi tukalia. Mama Riziki alikalia gauni la mteja lililokuwa na pini, akapiga kelele, tukacheka upya. Na hata leo naona mnacheka. Chekeni, mna haki. Padri wetu alikwisha kutusamehe. Lakini baada ya kicheko, nilishikwa na hofu kama ile mtu anayoisikia mbele ya jambo kubwa. Kalamu ya nani ina nguvu kiasi hiki, hata mkulima wa Butihinda aukoseshe mji mzima baraka ya misa kwa uchungu wa kijana wa mbali, wa dini nyingine, ambaye hata hakuzaliwa? Mwalimu, wewe ulitupa moyo huo. Tulikuwa nao, labda, lakini hatukujua unafika wapi.

Jumamosi iliyofuata darasa lilifurika. Urbano alipona. Baba yake Pili alimficha chini ya marobota ya nyuzi, akawadanganya wenye mienge, akamtoa salama. Baba, ulipiga makofi, nilikuona. Kisha mji ulipotulia, kijana akaja kumwomba Pili, na mzee yuleyule aliyemwokoa akamfungia mlango. Darasa zima lilimkasirikia. Wewe ulisema kwa sauti, "Mtu gani huyu? Anathamini roho ya kijana, halafu anamkataa kijana mwenyewe!"

Baba, ulisema hivyo. Mashahidi wamejaa humu.

Sisi kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tuliofichwa ni sisi, na tunaomfungia mlango kijana wa nyumba ile pia ni sisi. Nakuheshimu. Najua mtu aliyefukuzwa mara nyingi anashikilia sana kile kilichobaki, na wewe kilichobaki kwako ni imani yako na mimi. Sijaja kukunyang'anya. Wala sikuombi useme ndiyo mbele ya Mheshimiwa na wageni wake, wakuone umebanwa.

Nakuomba kitu kimoja. Ulimwombea Urbano hata kula ukashindwa, na Urbano hayupo. Aboubakar wa Mama Riziki yupo. Amekaa safu ya tatu, ana shati la kijani alilolipiga pasi mwenyewe vibaya. Alisimama mlangoni kwa ajili yako siku ile kabla hajajua kwamba ni hadithi. Huyu, Baba, hujamtaja hata mara moja katika sala zako. Nakaa chumba cha pili, nasikia. Mtaje tu. Jina lake si gumu kama yale ya Kihindi.

Mwalimu Shafii, pumzika vema, na macho yako yasichoke tena. Kwenu nyote mlionitegea sikio, nasema asanteni sana. Sasa nashuka, naenda kukaa karibu na Aboubakar. Na Baba, kiti cha upande wangu wa pili sitampa mtu.