Nasubiri Mgeni Amalize

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, nawasalimu. Tafadhali msinipigie makofi bado. Nikipigiwa makofi kabla sijasema kitu, ugonjwa wangu unarudi, na huo ugonjwa ndio ulionileta hapa mbele.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama pale pembeni ya mimbari kila alipokuja mhubiri mgeni. Yeye anasema Kiingereza, mimi nageuza kwa Kiswahili. Akinyoosha mkono, nanyoosha. Akipaza sauti, nampita. Na wageni wetu, Mungu awabariki, karibu wote hadithi yao ni moja: wametoka mbali, safari ilikuwa ngumu, lakini... Hapo kwenye "lakini" mimi nilikuwa sisubiri. "Lakini Mungu ni mwema!" Nanyi mnaitikia amina, mgeni wa watu bado anatafuta neno. Mlicheka, mkasema huyu binti ana kipaji. Nikaamini. Nikaacha kazi ya kufundisha hapa Tanga, nikaenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya tafsiri na ukalimani.

Tafsiri ya maandishi haikunitesa. Karatasi unaisoma hadi mwisho ndipo unaandika. Kilichoniangusha ni mtihani wa ukalimani.

Niwaeleze ulivyo. Unafungiwa kwenye kibanda cha vioo, hedifoni masikioni, kipaza sauti mbele ya mdomo. Mtoa hotuba yuko ukumbini anaongea, nawe unamfuata papo hapo kwa lugha nyingine. Wasikilizaji wanakusikia wewe, si yeye. Hakuna kumwomba arudie.

Siku ile mtoa hotuba alikuwa bwana mmoja aliyeelezea mradi wa maji katika kijiji cha pwani. Nikajiona niko nyumbani kabisa. Akasema walichimba kisima. Akasema alirudi kukitazama, akawakuta kina mama wamekizunguka. Ndugu zangu, mimi nikamalizia: "Wakishangilia maji safi!" Yeye akamalizia: wanalia. Kisima kilikuwa kimetoa maji ya chumvi.

Ningesema tu, "samahani, wanalia," nikaendelea. Sikuweza. Mdomo uligoma. Sauti ya yule bwana inazidi kwenda masikioni mwangu, mimi kimya. Kupitia kioo niliwaona watu wanavua hedifoni, wanazigongagonga, wakidhani zimeharibika. Halafu mmoja akageuka kunitazama. Kisha wote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nikafeli. Na kanuni ya pale ilikuwa wazi: mtihani ule unarudiwa mara moja tu. Ukianguka tena, unaondolewa masomoni, unarudi kwenu bila shahada.

Nikaja likizo Makorora kwa mama, sitaki kuonana na mtu. Jumapili yake akaja mgeni hapa, mchungaji akaulizia mkalimani wake. Mimi nimejificha kule chumba cha kwaya, katikati ya majoho. Nikasikia mlango unafunguliwa, mama akachungulia.

"Wee..." akaanza.

"Sendi! Siwezi, mama, usinilazimishe!"

Mama akanitazama. "Nilitaka kukuuliza kama umekunywa chai."

Akaingia, akakaa kwenye benchi.

"Ndivyo ulivyo tangu mdogo," akasema. "Mtu hajamaliza, ushamjibu. Mimi nishazoea. Je, na huko chuoni wanakuzoea?"

Nawaambia kweli, nililia palepale, joho la mtu nikalifanya leso. Miezi yote nilikuwa nalaumu Kiingereza, nalaumu woga, nalaumu kibanda. Kumbe nilikuwa sisikilizi. Nilikuwa nakisia.

Mama hakuniachia hapo. Akawaambia kina mama wa jumuiya yetu ya Makorora, nao wakanitengenezea mtihani wao. Kila baada ya maombi ya jioni, mmoja anasimulia kisa, mimi namfuata kwa Kiingereza, na mwalimu mmoja mstaafu aliye miongoni mwao ananisikiliza, kijiko mkononi. Nikimtangulia msimuliaji hata kwa neno moja, kijiko kinagonga sinia, na mimi naosha vyombo vya wote. Jamani, vyombo vya Makorora nimeviosha! Maana walikuwa wabaya, hawa. Mtu anaanza, "Mume wangu alipoingia na kanga mpya, nika..." halafu anatulia, ananyanyua kikombe, anakunywa chai taratibu, ananitazama. Mimi kidomo kinaniwasha. "...nikamfukuza," anasema, "maana haikuwa yangu." Hata jirani yetu wa dukani, mama wa Kihindi, Mwislamu, alikuwa anafunga duka anakuja kunitega, na visa vyake ndivyo vilivyonioshesha masufuria.

Siku ya kurudia ikafika. Kibanda kilekile. Mtoa hotuba safari hii alikuwa mama mmoja, daktari. Nikamfuata vizuri, neno kwa neno. Akafika mahali akasema: tulifungua wodi mpya ya wazazi, na mama wa kwanza kuingia...

Akanyamaza. Anamimina maji kwenye glasi.

Kimya kile, ndugu zangu! Sentensi ilikuwa imeshakaa kwenye ulimi wangu: "alijifungua salama." Niliisikia inasukuma meno. Wasikilizaji wakaanza kunyanyua macho kuelekea kwenye kioo, kama ile siku. Mwalimu wangu wa chuo, aliyekuwa anatoa alama, akaacha kuandika. Nikasema moyoni, wananiona nimekwama tena, sema chochote, sema! Nikaushika ukingo wa meza. Nikamwangalia yule daktari anavyokunywa. Niliogopa sana, lakini nilisubiri.

Akaweka glasi chini. "...alikataa kupanda kitandani," akasema. "Alilala sakafuni, kwa sababu hatukuwa tumemuuliza anataka kujifungulia vipi."

Nikasema hivyohivyo, kama alivyosema yeye. Tukaenda naye mpaka mwisho.

Nilifaulu. Shahada ninayo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, kina mama wa Makorora, na mwenye kijiko, ambaye namwona pale nyuma anacheka. Ninyi mliniinua bila kunidanganya kwamba sikuanguka. Na ninachowaachia ni kidogo tu: mtoto wako akianza kusema, mume, mke, jirani, mwache afike mwisho. Pengine unalodhani ni shangwe, mwenzio analia.

Sasa makofi mnaweza kupiga. Lakini yapigeni haraka, maana leo tuna mgeni, ametoka mbali, na mchungaji ameniomba nisimame pembeni yake. Akifika kwenye "lakini" akatulia, na mimi nitatulia. Msishtuke, wala msinisaidie. Nitakuwa namsikiliza.