Monica Kokushubila, Aliyeandika Kila Alfajiri

Marehemu Monica Kokushubila Gaspar, ambaye tumemleta hapa leo huku mioyo yetu ikikataa, alizaliwa tarehe 2 Juni 1971 wilayani Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gaspar na Mama Jovina, ambao wote wawili wameshatangulia. Mimi Adelard, ninayesoma wasifu huu kwa niaba ya ukoo wetu, ndiye niliyemfuata kuzaliwa.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwetu kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Bukoba, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1989. Mwaka uliofuata alikwenda Tabora kusomea uhazili, akahitimu mwaka 1992. Waliosoma naye wanamkumbuka kwa kuchapa haraka na kwa ubishi. Ukimpa barua iliyoandikwa ovyo alikurudishia uandike upya, hata kama wewe ndiye bosi.

Mwaka 1993 aliajiriwa kuwa katibu muhtasi katika ofisi ya umma hapa Dar es Salaam, akapanga chumba Mabibo, jirani na soko. Kazi hiyo aliifanya hadi mauti yalipomfika. Wakubwa walikuja na kuondoka, yeye akabaki, na nadhani kuna wakubwa ambao hawajawahi kujua kwamba hotuba zao nzuri zilikuwa za Monica.

Tarehe 10 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Bwana Rogers Mwaipaja, fundi umeme, na Mungu akawajalia watoto wawili, Edgar na Loveness. Mwaka 2006 walihamia Kinyerezi katika nyumba yao, ambayo wakati huo haikuwa na plasta wala dari. Dada alisema atalala humo hivyo hivyo, kwa sababu amechoka kusikia redio za wapangaji wenzake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mlimjua nalo. Mwaka 2011 mwalimu wa Kiswahili aliwaagiza akina Loveness, wakiwa darasa la nne, waandike hadithi kidogo kila siku. Loveness hakumaliza wiki. Mama yake, aliyekuwa akimsaidia, hakuacha tena. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akajifungia katika chumba kidogo cha nyuma, akaandika ukurasa mmoja ndipo aende jikoni. Aliandika Krismasi na siku za msiba, hata siku alizokuwa na malaria. Nilipomuuliza anapata faida gani, alinijibu, "Adelard, mchana kutwa naandika maneno ya watu. Niachie asubuhi niandike ya kwangu." Hadithi zake hazikuchapishwa popote. Alizisoma pale nyumbani, na aliyesikiliza alitosha.

Mwaka 2014 mama mkwe wake, Mama Lusungu, alikuja kutoka Tukuyu kutibiwa macho. Asubuhi yake ya kwanza aliketi barazani akisubiri kusalimiwa na mkwe wake, kama desturi ilivyo. Jua likapanda. Mlango wa chumba cha nyuma haukufunguliwa. Mama akamwita mwanawe akamwambia, "Rogers, nikatie tiketi. Mkeo hataki hata kuniamkia." Dada alipotoka na kuelezwa, alipiga magoti pale pale barazani.

"Shikamoo mama. Nisamehe, nilikuwa na mwizi wa kuku."

"Mwizi! Yuko wapi?"

"Kwenye karatasi, mama. Watu wanamfukuza, nikawa namtafutia pa kujificha."

Mama akauliza, "Umemficha wapi?"

Hakuondoka tena. Kuanzia hapo kila alfajiri alitoa kiti chake na kukiweka nje ya mlango ule. Hakuruhusu mtu kugonga wala kuita, na muuza maandazi alijifunza kupita kimya. Hata viongozi wa jumuiya walipokuja mapema waliambiwa wakae, mtoto yuko kazini. Ukurasa ukiisha, yeye ndiye aliyesomewa kwanza.

Marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2019. Alihudhuria kliniki na kumeza dawa kama alivyoelekezwa, na tuliamini mambo yako sawa.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, akiwa likizo, aliamka kama kawaida, akaingia chumbani kwake. Shemeji Rogers alikuwa Morogoro kikazi. Ilipofika saa moja Loveness alitaka kumuaga aende kazini, na bibi yake akamzuia: "Usigonge. Leo imemkolea." Saa mbili na nusu jirani yao, Mama Nusaiba, alipita kumuulizia, akaona haikai sawa, akasukuma mlango. Dada alikuwa ameegemeza kichwa mezani, bado anapumua. Alikimbizwa hospitali, na saa saba mchana akafariki dunia. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Tulimuuliza daktari kama angewahishwa ingekuwaje. Hakutudanganya. Alisema kuwahi kunasaidia, na alisema pia kwamba damu ilikuwa nyingi sana, na hakuna mtu awezaye kujua.

Tangu siku hiyo, chini ya turubai la msiba, kuna maneno yanasemwa. Yamemfikia Mama Lusungu. Hajala chakula cha maana, na jana aliomba apelekwe Tukuyu kabla ya mazishi, akisema hastahili kusimama kaburini kwa mtu aliyemwacha afe. Wengine mnangoja kusikia sisi wa upande wa Monica tutasemaje. Tunaumia. Dada yetu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, tulitaka azeeke. Lakini haya ndiyo tunayosema.

Mama, mlango ule hukuufunga wewe. Aliufunga mwenyewe, na alikaa nyuma yake kwa amani kwa sababu alijua wewe uko nje. Aliniambia kwa simu mwaka jana: "Ofisini naitwa hata nikiwa nakula. Sijawahi kulindwa na mtu kama anavyonilinda huyu mama." Yeyote mwenye neno juu yako baada ya leo, aje alisemee kwetu Muleba.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wadogo zake wanne, na mama. Ratiba mliyo nayo mkononi inaonyesha kwamba baada ya mume na watoto ni zamu ya wazazi wa marehemu kuweka shada, na mbele yake hapana jina, maana wazazi wetu hawapo. Ukoo ulikaa jana jioni na kukubaliana. Mama Lusungu, nafasi hiyo ni yako. Edgar atakushika mkono. Nenda ukamwekee mwanao.

Mungu ampokee dada yetu na ampe pumziko la amani. Amina.